Siku Nilipofagia Migomba ya Mama

Kila Jumatatu napeleka kabichi na karoti shule ya sekondari, na njia ya kwenda jikoni kwao inapita nyuma ya chumba wanachofundishia sayansi. Dirisha likiwa wazi, harufu inanipiga puani: harufu kali, ya ubaridi, inayochoma mpaka macho yanatoa maji, harufu ya ile dawa wanayotia kwenye chupa ili nyoka aliyekufa asioze. Hapo nashusha mzigo nikajifanya nafunga kanga upya. Wanafunzi wanadhani mama wa kabichi amechoka. Nimechoka kweli, lakini si kwa kabichi.

Mwalimu wao mmoja, kijana mwenye adabu, alinikuta pale siku moja. Akaniamkia shikamoo, akaniuliza kama mimi si mtu wa kule juu ya Mgwashi, na ile nyumba ya mawe iliyobaki kuta tupu ilikuwa ya nini. Alisikia kwamba zamani ilikuwa nyumba ya sayansi ya watu wote. Wanataka kuandika historia yake, na Mungu akipenda waifufue. Nilimwambia nitamweleza siku nyingine. Basi siku nyingine ndiyo hii. Nilisoma madarasa mawili tu, mkiona herufi zimepinda mnisamehe. Mambo yenyewe sijayapindisha.

Mlangoni iliandikwa Nyumba ya Maarifa. Sisi tuliiita Nyumba ya Chupa. Ilijengwa wakati wa Mwingereza, nilipokuwa na miaka kama tisa, juu ya mgongo wa mlima, ukuta wake wa nyuma ukiangalia shamba letu. Aliyeijenga alikuwa Bwana Harlock, Mzungu mrefu wa kaptula, magoti yake mekundu kama nyanya za kwenda sokoni. Siku ya kufungua alisimama juu ya sanduku akasema maneno mengi, na Bwana Shamba wake, Zefania, akayageuza kwa Kiswahili. Nayakumbuka kwa sababu yalinipendeza: kwamba nyumba hii si ya Serikali wala si ya Wazungu, ni ya kila mtu. Aingie mwenye viatu na asiye na viatu, aangalie kwa macho yake mwenyewe, aulize atakalo, asifukuzwe. Huko nyuma mlilazimishwa bila kuelezwa, akasema, sasa mtaelezwa.

Na kweli tuliingia. Sitasema uongo kwa sababu ya uchungu, nyumba ile ilikuwa nzuri. Ndani mlikuwa na baridi na ile harufu. Rafuni walipanga chupa: nyoka wa kijani, kinyonga, minyoo iliyotoka tumboni mwa mtoto, mirefu kama kamba za viatu. Palikuwa na mlima mdogo wa saruji juu ya meza. Zefania aliumwagilia maji kwa birika, tukaona mito inavyoanza. Na pembeni, chini ya kitambaa cheupe, kulikuwa na hadubini, ile mashine ya kukuza vitu vidogo, ambayo sisi tuliiita kioo. Waliochungulia kioo ni watu wazima na watoto wa Jumbe, mkuu wa kijiji. Sisi wengine tulitazama migongo yao.

Siku za gulio watu walikuja wengi. Walitoka Bumbuli, na wengine walipanda mlima kutoka Magoma na machungwa vichwani, wakapitia Nyumba ya Chupa kupumzisha miguu. Alikuwapo bibi mmoja muuza machungwa, Bibi Mwanahawa, ambaye hakuwahi kuingia bila kuacha neno. Mara ya kwanza alimtazama nyoka kwenye chupa, akamgeukia Zefania na kumwita mgosi, yaani bwana, kwa Kishambaa.

"Mgosi, huyu kafungwa kwa kosa gani?"

"Hakufungwa, bibi. Amehifadhiwa ili mjifunze."

"Haya. Na mimi nikifa msinihifadhi."

Sasa nieleze shamba. Bwana Harlock alitaka watu waone, nje, kwenye udongo halisi, tofauti ya kilimo cha zamani na kilimo kipya. Upande wa kulia wa nyumba, Jumbe Salehe aliwaswaga wanawake wakachimba matuta ya kukinga maji, mstari juu ya mstari kukata mteremko. Upande wa kushoto lilikuwa shamba la mama, kwa hiyo likachaguliwa kuwa mfano wa zamani. Zefania ndiye aliyekuja kumwomba. Baba yake Zefania alikuwa kaka wa mama, tumbo moja, na Zefania alimwita mama shangazi mpaka siku ya mwisho.

"Shangazi, ni heshima. Watu watatoka mbali kuja kuona shamba lako."

"Waone nini? Ndizi hawajaziona?"

"Waone unavyolima."

Mama alikubali. Baba alikuwa akikata mkonge huko chini upande wa Magoma, anakuja mara mbili kwa mwaka, na sisi watatu, mama, mimi na mdogo wangu Amina aliyekuwa bado anajifunza kutembea, tulikula kutoka shamba lile. Migomba ilishikana juu kama dari. Chini yake mama alipanda magimbi, maharage na mahindi kidogo palipopenya jua, na chini ya hivyo vyote kulikuwa na majani makavu ya migomba, yamelala kina cha mkono mzima, yakioza polepole. Mama hakuruhusu hata jani moja litoke. Likianguka libaki hapo hapo. Mvua ikipiga, maji yalitoka chini ya majani yale kidogo kidogo, masafi. Uwanja wa nyumba ulikuwa jambo lingine kabisa. Uwanja ulifagiliwa kila alfajiri mpaka udongo ung'ae, na kwetu Usambara msichana alijulikana kwa uwanja wa mama yake. Mwenye uwanja mchafu hakulelewa. Hakuna aliyenieleza kwa nini uwanja unafagiliwa na shamba halifagiliwi. Watu hawaelezi jambo wanalolifanya kila siku.

Wiki ile ile zikasimamishwa mbao mbili. Kwenye matuta waliandika SHAMBA LA AKILI. Kwa mama waliandika SHAMBA LA UJINGA. Mama hakujua kusoma, na mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimemaliza darasa la kwanza.

"Wameandika nini, Zaina?"

Nilisoma mara mbili, nikitumaini herufi zitabadilika. "Jina lako, mama."

Akatabasamu, mama yangu. Na kila asubuhi ya gulio alikwenda na pindo la kanga akaupangusa ubao ule vumbi.

Mvua za vuli zikaja na mambo yakawaendea kombo watu wa Nyumba ya Chupa. Kwenye matuta maji yalisimama, maharage yakawa manjano, kisha matuta mawili yakapasuka na tope likashuka hadi barabarani. Kwa mama hakukutokea kitu. Migomba ilinywa, maharage yakapanda, maji yakatoka masafi kama siku zote. Siku ya gulio watu walisimama katikati ya mbao mbili, wanageuza shingo huku na huku. Mjukuu wa Bibi Mwanahawa, aliyesoma, akamsomea bibi yake kwa sauti. Bibi Mwanahawa akatua kikapu.

"Mgosi Zefania. Hizi mbao hamkuzipachika kinyume?"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Zefania naye alicheka, lakini shingo ilimtoka jasho. Mama alikuwapo, ameshika jembe. Kuanzia siku hiyo hakuupangusa tena ubao, na hakuniuliza neno.

Zefania aliogopa, na sasa nikiwa mtu mzima najua aliogopa nini. Wakubwa wangekuja masika kutoka Lushoto na kutoka Tanga kuitazama nyumba, na wakikuta shamba la ujinga limeshinda shamba la akili, yeye angevuliwa sare na kurudi kulima kama sisi. Harlock alimwambia nini sijui. Najua tu kwamba haikumjia hata mmoja wao kung'oa mbao na kusema tumekosea, tutazame upya. Na nyumba waliijenga ili watu watazame.

Siku chache kabla ya masika, mama alikwenda Bumbuli kuuza ndizi, Amina mgongoni. Nilikuwa nimemaliza kufagia uwanja. Zefania akaja, akasimama akautazama, mikono nyuma.

"Huu uwanja nani anafagia?"

"Mimi, kaka."

"Unaonekana. Unang'aa. Lakini wageni wakubwa wanakuja, Zaina. Wakitoka kwenye uwanja huu wakaingia kwenye takataka zile," akanyoosha kidole kwenye migomba, "watasema huyu binti kalelewa na nani?"

"Mama hafagii huko."

"Mama mgongo unamuuma. Ndiyo maana Mungu kampa binti." Akainama akanong'ona kama anayenipa siri. "Waite wenzio. Mkimaliza, kila mmoja atachungulia kioo. Wewe wa kwanza."

Nisiwachoshe. Tulikuwa watoto kumi, kila mmoja na ufagio wa nyumbani kwao. Nilikuwa mkubwa wao nikawapanga. Tulikokota majani yote nje, makavu na yaliyooza, mpaka tukafika kwenye minyoo, tukafagia na minyoo. Zefania akayawasha moto mwenyewe. Bwana Harlock alipita njiani akielekea ofisini. Akasimama, akaona moto, akaona fagio kumi, akavua kofia akajikuna kichwa. Kisha akavaa kofia yake akaendelea na safari. Hilo nililiona kwa macho yangu mwenyewe, kama alivyotufundisha.

Tulipomaliza, udongo ulikuwa mwekundu na laini, kama kichwa cha mtoto aliyenyolewa. Niliona fahari. Zefania hakutudanganya, tulichungulia kioo wote kumi, mimi wa kwanza. Aliweka tone la maji ya mtungi mbovu na ndani yake nikamwona mdudu mkubwa kama mjusi, ana nywele, anajinyonganyonga. "Huyu ni mtoto wa mbu," Zefania akasema, "na mbu ndiye anayeleta homa. Nyumba yake ni maji yaliyosimama. Mwaga maji, umemuua." Nilirudia maneno yale njia nzima mpaka nyumbani. Sikuwahi kuwa na siku nzuri kama ile, na hilo ndilo linalonichosha kuliko yote.

Mama alirudi jioni. Alitua kikapu, akamshusha Amina, akasimama mbele ya migomba. Akainama akaweka kiganja juu ya udongo kama anayepima homa.

"Nani kafanya hivi?"

Sauti yake haikuwa ya hasira, na hapo ndipo nikaogopa. "Sijui, mama. Labda watu wa Bwana Shamba."

Kisha akaingia jikoni akapika.

Masika ilianza kwa siku tatu mfululizo. Siku ya kwanza maji yalitoka mekundu. Siku ya pili mizizi ya migomba ilionekana. Siku ya tatu wageni wakaja na miavuli na mabuti, wakasimama upande wa matuta, ambayo Zefania alikuwa amewatumia wanawake kuyaziba, kisha wakasimama upande wetu. Waliteka maji ya pande zote mbili kwenye chupa za kioo, wakaziinua juu kwenye mwanga. Moja ilikuwa na ukungu kidogo. Nyingine ilikuwa kama damu. Wakampiga mama picha amesimama kando ya ubao, na chupa zile zikaenda kukaa rafuni, karibu na nyoka.

Baada ya chakula Jumbe Salehe akaitisha baraza mbele ya Nyumba ya Chupa. Kijiji kizima kilikuwapo, pamoja na watu wa gulio. Jumbe akamsimamisha mama.

"Mama Zaina. Wageni wanauliza. Shamba lako ndivyo lilivyo siku zote?"

Wote waliokuwa pale walijua sivyo lilivyo. Zefania alikuwa anatazama viatu vyake. Nilikuwa nimekaa mbele na watoto wenzangu, na mama akanitazama, mara moja tu, kwa haraka, kama unavyotazama chungu kisije kikamwagika.

"Ndivyo lilivyo," akasema.

Bibi Mwanahawa alitema mate chini akajitwisha kikapu chake akaondoka. Hakupanda tena mlima wetu.

Hukumu ilitoka palepale. Migomba ya mteremkoni ikatwe, matuta yachimbwe, na anayekataa afungwe. Waliikata kwa siku mbili. Wazee walisema kwa Kishambaa kwamba huku ni kubana shi, kuiharibu nchi, lakini walisema wakiwa majumbani. Mama alichimba matuta, nami nikachimba naye. Mvua iliyofuata ikayapasua, na udongo wetu ukashuka mtoni wote, ukabaki mteremko wa mawe na changarawe. Miezi ya njaa ilipofika hatukuwa na ndizi wala gimbi. Majirani walitupa walichoweza, kisha hawakuweza tena, maana na wao walikuwa wamechimbishwa matuta. Baba akaja kutuchukua. Tukashuka kwenda kambi ya mkonge upande wa Magoma.

Mtu wa mlimani haogopi baridi wala mteremko, anaogopa kule chini. Tangu mababu watu wetu wanashuka nyikani kwa shida, wanamaliza shida yao, wanapanda kabla homa haijawakamata. Sisi tulikwenda kukaa. Mlangoni mwa kambi kulikuwa na mapipa ya maji, na siku ya kwanza niliinama juu ya pipa nikawaona, wanajinyonganyonga, wengi kama mchele. Niliwajua mara moja. Nikasukuma pipa la kwanza likamwagika. Mama mmoja akanizaba kofi, na alikuwa na haki, yale maji aliyabeba kichwani kutoka mbali.

"Una wazimu, wewe mtoto wa milimani?"

"Hawa ni mbu, mama. Ndio wanaoleta homa. Tulionyeshwa kwenye kioo."

"Basi kalete na maji ya kioo tunywe."

Wakacheka. Nilisema tena kwa nyapara, nikasema kwa baba. Baba alisema nyamaza, tutafukuzwa. Amina alishikwa na homa mwanzo wa mvua za pili. Alikuwa na miaka mitatu, amejua kusema sentensi ndefu, akiniita Zaina wa mama. Alikufa siku ya nne, asubuhi, watu wakiwa wamekwenda mkongeni.

Nyumba ya Chupa haikudumu. Ulipofika wakati watu walikataa matuta, wanawake wakiwa mbele na majembe yao begani wakiyasawazisha, na Serikali yenyewe ikayaacha. Harlock alikwisha kurudi kwao. Jumbe Salehe alivuliwa ujumbe, akafa akiwalaumu wake zake. Zefania alihamia Tanga, akawa mtu mkubwa, akazeeka vizuri, akafia kitandani kwake. Nawataja wote watatu kwa majina kwa sababu wajukuu zao wanasema ilikuwa nyumba ya maendeleo iliyobomolewa na ujinga wa watu. Naijua ilivyobomoka. Iliahidi kwamba kila mtu atatazama kwa macho yake, na macho ya watu yalipoona kitu ambacho wenye nyumba hawakukitaka, wakatafuta fagio.

Na wa nne ni mimi. Nilikaa na neno hilo miaka mingi kuliko umri wa wengi mtakaosoma. Nilimwambia mama alipokuwa amelala chali hawezi kuinuka tena, nimemaliza kumwogesha.

"Mama. Migomba ile. Niliyefagia ni mimi."

"Najua," akasema, bila kufumbua macho. "Nilijua jioni ile ile. Ulikuwa umefagia unarudi nyuma, mipindo midogo midogo. Nani mlimani kote alifagia vile, kama si niliyemfundisha mwenyewe?"

"Mbona hukusema barazani? Ungesema tu limefagiliwa."

"Wangeuliza na nani. Zefania angekutaja. Ungekuwa mtoto wa miaka tisa aliyeua shamba la mama yake, mbele ya gulio zima." Akapumua. "Nani angekuoa?"

Nikacheka, na yeye akacheka kidogo, kikohozi kikamshika. Kisha akaniomba nimgeuze upande wa pili.

Miaka yote ile nilidhani mama alimwogopa Jumbe. Nilikua nikimdharau kidogo kwa neno lile moja, Mungu anisamehe, na kwa sababu yake nikajifundisha kusema ovyo mbele ya wakubwa, na limenigharimu hilo pia. Kumbe pale barazani aliona vitu viwili mbele yake, shamba na mimi, akapima, akachagua. Alikuwa na muda mfupi sana wa kupima. Amina alikuwa mgongoni mwake, amelala, na hakuna aliyejua, si mama wala mimi, kwamba na yeye yumo kwenye mizani ile.